Mwanaume wa Nyumba Namba 37

Jumatatu saa nne asubuhi mama mmoja tusiyemfahamu aliingia ofisini kwetu, akaketi bila kukaribishwa, akalaza mwavuli magotini, akasema amekuja kumchukua mume wake.

Chumbani tulikuwa watano. Wanaume watatu wakaangaliana, kila mmoja akimtilia shaka mwenzake.

"Mume wako anaitwa nani, mama?" katibu muhtasi aliuliza.

"Hilo ndilo nililokuja kuuliza. Nyinyi ndio mnaomjua. Mimi sijawahi kumwona."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi aliyonakili kwa mkono wake, akaisogeza mbali na macho na kusoma:

"'Nyumba namba thelathini na saba. Mkuu wa kaya, mwanaume, miaka arobaini na tano, fundi. Hana pingamizi na mradi.' Sasa, nyumba namba thelathini na saba ni yangu. Mume wangu alifariki, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na tangu hapo naishi peke yangu. Kama humo ndani kuna mwanaume wa miaka arobaini na tano, tena fundi, mbona bomba la jikoni linavuja?"

Ofisi nzima ilicheka. Mimi sikucheka.

Huyo mwanaume nilimzaa mimi.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza: mimi ni yule mhitimu wa sayansi ya mazingira aliyetumbukia kwenye mtaro aliokuwa akiupima, na ambaye wiki iliyopita alimpelekea mwenyekiti wa mtaa orodha ya vyura badala ya barua ya mwaliko. Kampuni ya ushauri imenichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Barabara ya kitongoji chetu, yenye njia mbili, inatakiwa kupanuliwa iwe na njia nne, tena iinuliwe. Kabla greda halijagusa udongo, sheria inataka iandikwe ripoti ya nani na nini kitaumia. Ripoti hiyo ndiyo kazi yetu, na mimi niliipenda kazi hii hata kabla sijaipata. Chuoni niliandika ukutani juu ya kitanda changu: Nitasema kwa niaba ya wasiosikika.

Sasa nakiri.

Tulitakiwa kuhoji nyumba arobaini kwa siku nne. Kila nyumba ina dodoso lake, karatasi mbili za maswali, na kisanduku cha mwisho kimeandikwa "Maoni ya mdau". Siku ya nne jioni nilikuwa na madodoso thelathini na tisa. Wingu lilikuwa limeshuka, mbwa wa jirani alikuwa amekata kamba, na bosi alikuwa kwenye simu.

"Msomi, gari linaondoka. Madodoso yametimia arobaini?"

"Yametimia, bosi."

Nilijaza la arobaini ndani ya gari, goti likiwa meza. Nilimpa miaka arobaini na tano kwa sababu niliona ni umri wa mtu mtulivu. Nilimpa ufundi kwa sababu ngazi ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba. Nikamnyima pingamizi kwa kuwa hakuwepo wa kupinga. Nilijiambia nitarudi kesho. Kesho yake nikatumwa kuhesabu miti.

"Aliyeandika haya ni nani?" mama aliuliza.

Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Una miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Ishirini na minne, na tayari una mtoto wa arobaini na tano. Umejitahidi."

Wenzangu wakainamia kompyuta zao, mabega yakitikisika.

Yeye mwenyewe hakucheka. Alikunja karatasi, akasimama kwa kuegemea mwavuli. "Mahali pengine mmeandika kwamba nyuma ya nyumba yangu ni eneo wazi lisilo na matumizi. Njoo ulione. Leo nimelianikia mashuka."

* * *

Njiani nilijua jinsi alivyotugundua. Nakala ya ripoti ilikuwa imewekwa ofisi ya mtaa ili wananchi waisome, imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, kana kwamba yupo mwizi wa kurasa mia mbili na kumi na nne. Yeye alikwenda kugongewa muhuri kwenye fomu ya pensheni. Mwenye muhuri alikuwa likizo, naye akaambiwa asubiri. Akasubiri siku mbili.

"Umeisoma yote, bibi?"

"Kulikuwa na nini kingine cha kusoma? Ile sehemu ya vyura ni nzuri. Ni nani aliyeiandika?"

"Ni mimi."

"Inaonekana wao uliwatembelea."

Nyumba yake ni fupi, imekaa chini kidogo ya barabara, na namba 37 ilikuwa imepakwa ukutani kwa rangi nyekundu na wapimaji. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na sita. Alistaafu, lakini kitongoji hakikukubali. Sebuleni palining'inia mzani wa kupimia watoto, na kwenye kochi palikaa mama kijana na kichanga, akisubiri zamu kana kwamba pale ni zahanati.

Mkunga alinipitisha hadi mlango wa nyuma, akanionyesha mwimo.

Nilidhani ni alama za watoto, zile za kupimia kimo. Mistari kumi na minne ya penseli, na kila mmoja una tarehe na saa.

"Ni maji haya," alisema. "Kila yanapoingia namna ya kunitisha, naweka mstari. Mkunga huandika saa. Hata yeye akichelewa, saa haichelewi."

Mstari wa juu kabisa ulinifika gotini.

Nitawaambia ukweli: badala ya kusikitika, nilifurahi. Ripoti yetu ilitegemea kituo cha mvua kilicho mbali kiasi kwamba huko huenda wanatumia mawingu mengine. Na hapa palikuwa na rekodi ya miaka kumi na miwili, mlangoni. Nilichomoa futi ya utepe nikaanza kupima.

"Pole pole," alisema. "Mstari wa tatu nilikosea sentimita mbili. Nilikuwa nimekasirika."

Kisha akanipeleka uani. Mashuka yalikuwa kwenye kamba. Nyuma yake kulikuwa na ua wa miti, na nyuma ya ua kigingi cha wapimaji chenye kitambaa chekundu. Nilikijua kigingi kile. Kwenye mchoro ni mdomo wa kalvati: mabomba matatu ya zege, kila moja lingeweza kumeza mtu, yakipitisha maji chini ya barabara mpya na kuyamwaga upande wa pili.

Upande wa pili ndipo mkunga alipokuwa amesimama.

"Mimi sikusomea barabara," alisema. "Ila nimeshughulika maisha yangu yote na vitu vinavyotoka kwa nguvu mahali pembamba. Vikianza, hakuna wa kuvirudisha."

"Mwaka juzi yalifika ule mstari wa juu?"

"Saa tisa alasiri. Ndani kulikuwa na mzazi wa siku mbili. Mtoto nilimweka kwenye beseni, mama yake akashika ukingo wa beseni, tukatoka. Mtoto alilala njia nzima. Sisi ndio tuliolia." Akakung'uta shuka lililokwisha kauka. "Yakizidi pale hata kwa kiganja kimoja, hapa sikai tena. Na sina pengine."

Nilitoa dodoso jipya. Tulikaa kwenye ngazi ya nyuma, yeye akisema na mimi nikiandika. Baada ya muda alichungulia.

"Umeandika, 'Mdau ana wasiwasi kuhusu mtiririko wa maji.' Mdau ni nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Nimesema nina wasiwasi?"

"Hapana. Ndiyo lugha ya kitaalamu."

"Nimesema maji yataingia ndani. Wasiwasi ni wangu, naweza kuutuliza kwa chai. Maji siyawezi kwa chai. Futa."

Nikafuta.

"Andika ninavyosema. Na Ijumaa, kwenye huo mkutano wa wananchi, uyasome hivyo hivyo. Mimi siku hiyo nafanyiwa upasuaji wa macho hospitali. Nimengojea nafasi hiyo miezi minane, siiachii barabara."

"Nitasoma, bibi."

"Mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho."

"Basi, andika na la mwisho."

Akalisema. Mkono wangu ukasimama.

Hapo lazima niwarekebishie jambo. Nimewaambia kwamba siku ile hakuwepo wa kupinga. Sikuwaambia kwamba sikubisha hodi. Yeye alikuwepo. Alikuwa dirishani, nyuma ya pazia, akaniona nimesimama getini, nikamtazama mbwa, nikatazama saa, nikageuka.

"Nilikuwa nimeshaweka maji ya chai jikoni," alisema. "Nilisema, huyu mtoto ataloa, bora aingie."

Nililiandika la mwisho.

"Hutaliruka?"

"Siruki, bibi. Naahidi."

Alinitazama kwa yale macho yaliyokuwa yakingoja Ijumaa. "Sawa. Sasa njoo ndani unishikie mzani. Yule kichanga anapiga mateke."

* * *

Jumatano bosi aliniita. Mezani palikuwa na vitu viwili: dodoso langu jipya, na barua ya ajira ya mwaka mzima yenye jina langu, ikikosa saini yake tu.

Bosi si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia. Ni mtu aliyechoka, anayeficha biskuti kwenye faili lililoandikwa "Taka ngumu", na ndiye pekee aliyenipa kazi baada ya wengine kumi na watatu kutonijibu.

"Msomi," alisema, "kwa nini unataka kuniua?"

"Sitaki, bosi."

"Nyumba moja. Katika nyumba arobaini, ulibuni moja. Unajua nitasema nini? Nitasema, hongera. Mimi nilipokuwa kama wewe nilibuni kijiji."

Sikujua kama anatania. Mpaka leo sijui.

"Kalvati ni kosa letu," aliendelea. "Nimeshaongea na msanifu. Mdomo utasogezwa mita sitini, uangukie bondeni. Mama yako hatalowa hata kandambili. Umefurahi?"

"Nimefurahi sana, bosi. Naomba iandikwe."

"Mambo mengine hayaandikwi, yanafanyika. Haya maneno yake tutayaweka kitaalamu: 'Mdau mmoja alitoa maoni kuhusu maji, nayo yatazingatiwa.' Ijumaa utakaa pembeni yangu, utabofya picha kwenye projekta, na mchana nitasaini barua yako."

"Nilimwahidi nitayasoma yeye alivyosema."

"Yote?"

"Yote."

Akavuta dodoso, akasoma mpaka chini. Alipofika mstari wa mwisho alivua miwani.

"Hili halihusu maji," alisema.

"Hapana, bosi."

"Hili likisomwa, afisa wa mazingira hatauliza habari za nyumba moja. Ataitupa ripoti nzima. Tutaanza upya, miezi sita, minane. Unaelewa? Huyo mama anapata alichotaka bila hilo. Kwa nini uliseme?"

Nilitafuta jibu zuri. Chuoni nilikuwa nayo mengi.

"Kwa sababu nilisema nitalisema."

Bosi alifungua faili la Taka ngumu, akachukua biskuti moja, akanipa nyingine. "Kula," alisema. "Nenda kafikiri. Ukiwa na njaa utafanya ushujaa."

* * *

Alhamisi jioni nilimwambia kaka.

Kaka yangu ni dereva wa greda. Alinilea tangu mama yetu alipotutoka, yeye akiwa na miaka kumi na tisa na mimi kumi. Tangu machimbo yalipofungwa mwaka jana hana kazi. Jina lake limo kwenye orodha ya mkandarasi wa barabara hii hii. Kibali cha mazingira kikitoka, orodha inafunguliwa. Buti zake amezipaka dawa mara nyingi mpaka zinateleza zikiwa zimesimama.

Alikuwa akipiga pasi. Nilimweleza yote, mwanaume wa nyumba namba 37 akiwemo. Sehemu hiyo alicheka mpaka akaweka pasi chini.

"Kwa hiyo mimi ni mjomba," alisema.

"Kaka, sikiliza mpaka mwisho."

Nikamwambia mpaka mwisho. Akaacha kucheka.

"Miezi sita?"

"Au minane."

"Wewe hesabu vyura wako. Mimi nahesabu siku." Akanyanyua pasi, akairudisha mahali pale pale. "Huyo bibi, nyumba yake itapona au haitapona?"

"Bosi anasema itapona hata nisiposema lile la mwisho."

"Basi usiseme. Kuna ugumu gani? Ukifika hapo, kohoa. Kaa chini."

"Nimemwahidi."

"Umeniahidi na mimi pia. Ulisema ukipata kazi ya kudumu nitapumzika kuwa baba."

Hilo lilinichoma, na alijua limenichoma, kwa hiyo hakunitazama. Tulikaa hivyo, pasi ikitoa mvuke peke yake. Kisha nikasikia harufu.

"Kaka, shati."

Aliliinua. Begani palikuwa na alama ya pasi, safi kama muhuri wa serikali. Lilikuwa shati lake la kwendea kazini.

Alilipapasa kwa kidole. "Haya," alisema, "sasa hata wakiniita kesho sina cha kuvaa." Akalitupa kitini, akanyoosha mkono. "Leta blauzi yako. Na kesho soma kwa sauti. Wewe ukiogopa humeza maneno, mtu wa nyuma anadhani unatafuna."

Sikujua kama amenikubalia. Nilimpa blauzi.

* * *

Ijumaa ukumbi wa shule ulijaa. Waliokosa viti walisimama madirishani. Mbele, kwenye meza yenye kitambaa cha kijani, aliketi afisa wa mazingira, mwanamke mwembamba mwenye miwani minene, akiandika kwa mkono kwenye daftari kubwa. Katika saa nzima sikumwona akiinua kichwa. Mtu akiongea, kalamu ilikwenda. Mtu akinyamaza, kalamu ilisimama na kungoja.

Nyuma kabisa walisimama madereva wa mitambo, wamevaa kama wanakwenda kupokea vyeti. Kaka alikuwa katikati yao, katika shati la kuazima lililomfika juu ya kiuno.

Bosi alieleza mradi, barua yangu ya ajira ikiwa mezani mbele yake. Mimi nilibofya picha. Foleni, ajali, vumbi, kisha barabara mpya iliyochorwa na kompyuta, yenye miti ambayo haijapandwa na watu wanaotembea wakitabasamu.

"Kaya arobaini zilihojiwa," bosi alisema, "na hakuna iliyopinga." Alisema hivyo akitazama feni.

Wananchi wakapewa nafasi. Muuza samani aliuliza kama vumbi litafika dukani kwake. Mwalimu aliomba kivuko cha wanafunzi. Mzee mmoja alieleza historia ya mgogoro wake na jirani, akaombwa aketi. Kisha nikainua mkono. Bosi alinishika kiwiko, akakiachia.

"Naomba kusoma maoni ya mkazi wa nyumba namba thelathini na saba," nilisema. "Yuko hospitali."

Kipaza sauti kilipiga kelele. Nikakisogeza. Nikasoma.

"'Mimi ni mkunga. Nimekaa nyumba hii miaka thelathini. Maji yamekuja mlangoni kwangu mara kumi na nne, na kila mara nimeandika saa. Mara ya mwisho yalikuwa ya gotini, saa tisa alasiri, na ndani kulikuwa na mzazi na mtoto wa siku mbili. Mmechora mabomba matatu yanitazame. Mnasema nyuma yangu ni eneo wazi. Si wazi. Mimi niko.'"

Mwanamke mmoja karibu na dirisha, mwenye mtoto mgongoni, alisema taratibu, "Ni kweli. Wa kwenye beseni ndiye huyu."

Watu wakageuka kumtazama mtoto. Mtoto akawatazama watu.

"'Sipingi barabara,'" niliendelea. "'Mimi nami huwahi hospitali na wagonjwa, na foleni imenizalishia watoto wawili ndani ya gari. Naomba msogeze midomo ya hayo mabomba.'"

Hapo bosi alisimama. Alikuwa mwepesi, siwezi kumlaumu.

"Tumemsikia mama yetu," alisema. "Tena nasema mbele ya afisa, na iandikwe: mdomo wa kalvati utasogezwa mita sitini kuelekea bondeni. Hiyo ni ahadi."

Kalamu ya afisa ilikimbia. Makofi yakalipuka, na hata madereva walipiga. Nilimwona kaka akipiga kwa mikono yote miwili, akiniangalia, akitikisa kichwa polepole: basi, imetosha, kaa.

"Hoja imepokelewa na imejibiwa," alisema afisa bila kuinua kichwa. "Mwingine."

Nilikuwa nimeshika karatasi. Chini ya kidole gumba changu palibaki mistari mitano.

Mkunga alikuwa amelala hospitali, macho yamefungwa bandeji. Hangeona wala hangesikia. Nyumba yake ilikuwa imeshapona, na imeandikwa. Mwenye zamu alikuwa ameshasimama, ananyoosha mkono apewe kipaza sauti. Nilikohoa, kama kaka alivyonifundisha.

Lakini sikukaa.

"Samahani," nilisema. "Hajamaliza."

"Amejibiwa," bosi alisema, kwa sauti ya upole sana.

"Najua, bosi. Imebaki kidogo."

Afisa hakusema ndiyo wala hapana. Kalamu yake ilisimama, ikangoja. Nikaondoa kidole gumba.

"'Na msichana anayewasomea haya ndiye aliyeandika kwamba sina pingamizi. Hakuniuliza. Hakubisha hata hodi. Nilikuwa dirishani namwona. Simchukii, ni mtoto, na amerudi. Lakini kama mimi niliandikwa hivyo, nendeni mkabishe hodi na kwenye zile nyumba nyingine thelathini na tisa.'"

Nilisoma kwa sauti. Sikumeza neno. Mtu wa nyuma kabisa alinisikia, nalijua hilo, kwa sababu mtu wa nyuma kabisa alikuwa ametazama chini kwenye buti zake.

Hakuna aliyepiga makofi. Aliyekuwa amenyoosha mkono kudai kipaza sauti aliurudisha mfukoni.

Ndipo afisa wa mazingira, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, aliinua kichwa. Alinitazama, akamtazama bosi, akanirudia mimi. Akafungua ukurasa mpya, akaunyoosha kwa kiganja.

"Hiyo ya mwisho," alisema, "irudie. Polepole. Mimi naandika kwa mkono."

Pembeni yangu bosi naye alikuwa amechomoa kalamu, ameivuta barua yangu karibu, na anaandika kitu ambacho kutoka pale nilipokuwa sikuweza kukisoma.

Nikairudia, tangu neno la kwanza, polepole.